Cheti cha Wivu

Tik, tik, tik. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, au kama Shirika la Umeme la nchi yetu linavyotufundisha kusema, ulikuwa umepumzika, nami nilikuwa jikoni napapasa kutafuta kiberiti. Mlio ulitoka sebuleni, mdogo, kama mjusi anatafuna kitu darini. Kisha katika giza hilohilo nikasikia sauti ya mwanamke ndani ya nyumba yangu.

"Karibu, mpenzi. Vya leo bado vya moto."

Na mume wangu akacheka.

Nieleze mapema, msomaji asije akanifikiria vibaya. Mwanamke huyo hana mwili. Yumo ndani ya gemu. Mume wangu, Mahadhi, aliitengeneza gemu hiyo alipokuwa na miaka ishirini na miwili, kabla hajanijua mimi, kwa kompyuta moja mbovu ambayo ilikufa siku tatu baada ya kazi kwisha. Inaitwa Soko la Alfajiri. Mchezaji ni msichana mwenye kikapu. Anatumwa sokoni, anapita kona saba, na lazima arudi nyumbani kabla jua halijachomoza. Kwenye kona ya tatu anakaa Bi Tunu na kikaango chake cha vitumbua. Bi Tunu ana kishimo shavuni, upande wa kushoto tu. Mtu hachori kishimo cha upande mmoja kwa kubahatisha.

Tunu alikuwa mchumba wake. Kishimo ni chake, sauti ni yake, na lile neno mpenzi ni lake. Baadaye akaolewa nchi jirani, akaiacha sauti yake nyumbani kwangu kama mgeni anayesahau kandambili mlangoni.

Tik, tik ilikuwa vidole vya binti yetu Chausiku, miaka sita, akibonyeza kitableti chake gizani huku baba yake akimchungulia begani.

Nampenda mume wangu. Sina wivu. Nilimwambia hivyo mara tatu jioni ile.

*

Ndipo serikali yetu, ambayo hutusaidia hata kabla hatujaomba, ikaingilia kati.

Katika nchi yetu gemu zote huuzwa na Duka la Taifa la Michezo. Duka hili halina rafu wala mlango, kwa kuwa limo ndani ya simu zetu, ingawa ofisi zake zina milango kumi na saba na choo kimoja. Mwaka ule Waziri wa Maboresho, Mheshimiwa Daktari Makuzi Tambarare, alilitembelea Duka akagundua kwamba gemu za zamani zilikuwa za zamani.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye televisheni, "nimeumia. Nimeona gemu zenye rangi nane tu, wakati taifa hili lina mawaziri hamsini na wanne. Hatuwezi kuwaachia watoto wetu mambo ya rangi nane. Kuanzia sasa kila gemu itaboreshwa, na toleo lake la awali litafutwa, ili mwananchi asihangaike kulinganisha."

Maboresho yakaanza, na yalikuwa mazuri sana. Kwenye gemu ya mbio za magari, magari yote sasa husimama kando kupisha msafara wa kiongozi, na msafara una urefu wa dakika arobaini. Kwenye gemu ya mpira timu yetu ya taifa haifungwi tena. Kipa wa wapinzani huondoka kwenda kutoa heshima zake. Ile ya kuku anayekimbizwa na mbweha iliboreshwa kuliko zote. Mbweha hamkimbizi kuku. Anamwita kwenye kikao.

Wapo waliouliza, "Na sisi tulionunua zile za zamani?" Duka likafafanua kwa upole kwamba hakuna mtu aliyewahi kununua gemu. Tulichonunua ni ruhusa ya kuitazama kwa hisani ya Duka, na hisani ina siku yake ya mwisho. Siku hiyo ikapangwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Duka likifuta kwake, kitableti cha Chausiku nacho kitaifuta gemu hiyo chenyewe. Nakala nyingine ya Soko la Alfajiri haikuwepo popote duniani.

Mume wangu alisikia habari hiyo akiwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akakinyanyua, akakiweka tena.

"Basi," alisema.

"Si wataiboresha?" nikamwambia. Niliona nimfariji. "Nimesikia kona ya tatu atakaa Afisa Lishe wa Wilaya. Mwanamume. Mzee."

Akanitazama. Mimi nikaenda kumenya vitunguu, na naomba niandikwe hivyo: macho yalinitoka machozi kwa vitunguu, na mdomo ulikuwa unaimba.

*

Mambo yangeishia hapo kama isingekuwa nchi jirani. Wiki hiyohiyo nchi jirani ilitangaza kwamba imehifadhi matoleo ya awali mia nne, kila moja na kasoro zake zote, hata ile gemu ambayo mbuzi hupita katikati ya ukuta. Watu kutoka mbali wakaja kumtazama mbuzi.

Mheshimiwa Tambarare alikosa hamu ya kula kwa siku mbili. Siku ya tatu akaitisha waandishi wa habari, macho yamemwingia ndani.

"Nimejichunguza," alisema. "Jambo lililonizuia mimi kula haliwezi kuwa jambo dogo. Nilijua thamani ya gari la jirani yangu siku aliponipita nalo kwenye mvua. Nilijua thamani ya shemeji yangu alipopewa ubalozi. Sasa nimejua thamani ya mbuzi. Kwa hiyo, kwa busara yake, serikali imepata kipimo. Toleo la awali litahifadhiwa endapo atapatikana mwananchi mmoja anayelionea wivu wa kweli. Wivu uliopimwa, ukathibitishwa, ukatolewa cheti. Kisichoonewa wivu na mtu hata mmoja tutakifuta Ijumaa kama tulivyoahidi, maana serikali hii haivunji ahadi za kufuta."

Asubuhi yake foleni ilizunguka jengo la Duka.

Mahadhi alidamka akaenda, akapanga foleni tangu saa moja. Mchana alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza kulikoni.

"Wamenikataa dirisha la nne," alisema. "Jamaa kaniuliza, 'Wewe ndiye mtengenezaji?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi huo si wivu, ni majivuno. Majivuno ni dirisha la tisa, na dirisha la tisa lina Waziri ndani.'"

Jirani yetu, Fundi Shomari, anayetengeneza televisheni, alimhurumia rafiki yake akajitolea. Alinisimulia mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu na bisibisi mfukoni.

"Shemeji, nimekunja uso mimi mpaka taya likauma. Nikasaga meno. Nikasema, laiti gemu hii ningeitengeneza mimi! Yule mpimaji kanishika mkono, kahesabu mapigo, akaniambia, 'Fundi, wewe una njaa tu.'"

"Wakakufanyaje?"

"Kosa la kujifanya mwenye wivu. Wamenifungia muda wa saa nne kwenye chumba chenye picha za nyumba ya Waziri, nikapate wivu wa kweli. Shemeji, nyumba ina bafu ndani ya bafu!"

"Ukapata?"

"Wa nyumba nimepata, hata sasa hivi ninao. Wa gemu sina. Ile mimi naipenda tu."

Jioni ile mume wangu aliketi mlangoni na binti yake magotini, wakacheza. Ilikuwa Jumanne. Hakuniomba chochote. Hata hakujua kwamba angeweza kuniomba, kwa sababu nilishamwambia mara tatu kwamba sina.

*

Sasa niseme habari ya bata.

Nilisoma masomo ya jioni miaka miwili, mwaka mmoja Chausiku akiwa tumboni na mwaka mmoja akiwa mgongoni. Nikipata swali gumu alikuwa akinipiga teke, nikilipatia alikuwa akilala. Nilijiapiza kwamba mtoto huyu kusoma atajifunza kwangu, kwenye mkeka wangu, kwa mdomo wangu. Nikamnunulia kitabu. Ukurasa wa kwanza una bata. Tulikaa na bata miezi minne.

"Hii nini?"

"Ba."

"Na hii?"

"Ta."

"Haya, lote kwa pamoja."

"Kuku."

Sikukata tamaa. Mwalimu wangu wa jioni alikuwa akitwambia kichwa cha mtoto ni kama chungu kipya, usikibandike kwenye moto mkali. Nilingoja.

Jumatano nilikuwa namsuka. Kakaa chini kati ya miguu yangu, kitableti kakipakata. Nikiwa mstari wa nne nikamsikia anasema, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Mke-be hu-u u-na vi-tu-mbu-a vi-ta-no. Mama, mkebe ni kitu gani?"

Mikono yangu ikasimama.

"Chausiku. Nani kakwambia hivyo?"

"Imeandikwa." Akanionyesha kwa kidole. "Hapa."

"Nani kakufundisha kusoma?"

"Bi Tunu. Usiposoma hakupi."

Mume nilikuwa nimemsamehe. Kicheko cha gizani nilikisamehe. Lakini mtoto wangu? Herufi zangu, nilizozifuata usiku na matope, na mimba, na daftari nimelifunika kwa mfuko wa nailoni lisilowe? Mwanamke asiye na mwili, ambaye hajawahi kumfuta mtoto huyu kamasi hata siku moja, ndiye kamfundisha?

Nilimaliza mistari miwili iliyobaki. "Mama, unanivuta," alisema. Nikajitupia mtandio, nikamwacha kwa Fundi Shomari, nikaenda Dukani kwa miguu.

*

Sikwenda kuomba cheti. Nilikwenda dirisha la kwanza, Malalamiko, kutaka gemu ile isingoje Ijumaa.

"Ifuteni leo," nilimwambia karani.

"Dada yangu, ratiba ni Ijumaa saa nne."

"Leo! Ana kishimo, unajua? Upande mmoja! Anamwita mume wangu mpenzi ndani ya nyumba ninayoipiga deki mimi! Sauti ile, kama mtu kalamba asali akasahau kufunga mdomo! Kaolewa huko, kastarehe, na bado yuko kwangu kila siku anauza vitumbua! Na havijawahi kuungua, kaka, hata kimoja. Vyangu mimi huungua. Sasa kamfundisha mtoto kusoma. Amebakiza nini? Aje alale katikati yetu?"

Karani aliacha kuandika. Akageuka taratibu, bila kuniondolea macho, akaita nyuma yake:

"Ngwali! Bwana Ngwali, njoo upesi! Tumempata mmoja."

Milango ikafunguka. Mtu mmoja akataka kuniletea maji, mwingine akamzuia: "Usimpe, atapoa!" Bwana Ngwali, Afisa Mpima Wivu, mwembamba, mpole, amevaa tai yenye picha ya tai, alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili akatazama saa ya ukutani. Sheria inataka mapigo mia na kumi kwa dakika.

"Mia na arobaini na sita," alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Bila kusaga meno."

Karani mmoja wa kike alilia kidogo.

Nikawaambia hawajanielewa, mimi nataka ifutwe. Bwana Ngwali akaniambia kwa heshima kubwa kwamba hayo ndiyo maneno hasa ya mwenye wivu, na sheria imeyatarajia kwenye kifungu cha sita. Kilichobaki ni kukitazama kitu chenyewe kwa dakika mbili, kisha nisaini au nisisaini. Nikisaini, toleo la awali linabaki. Nisiposaini, linakwenda.

Duka huhifadhi kila mchezo wa kila mtoto, hadi hatua aliyofikia. Akaufungua wa Chausiku kwenye kioo kikubwa ukutani. Sikuwahi kuigusa gemu ile wala kuitazama kwa zaidi ya nukta moja. Niliiona sasa: soko dogo la rangi nane, msichana na kikapu. Kikapu kilifurika mpaka juu ya kichwa chake.

Bwana Ngwali akasogea karibu na kioo. "Hili geni," alisema. "Vitumbua sitini na kimoja. Mchezaji hula njiani, dada, maana ukila ndipo unapata mbio. Huyu hajala hata kimoja. Ndiyo maana hajawahi kufika nyumbani kabla ya jua. Anashindwa kila siku." Akabonyeza kikapu. "Kuna sehemu ya kuandika jina la mzigo. Ameandika mwenyewe."

Nilisoma. Nashukuru masomo ya jioni, nilisoma peke yangu bila kusaidiwa na mtu. Iliandikwa: vya mama.

"Na kwenye ile iliyoboreshwa?" niliuliza.

"Kikapu huchukuliwa kona ya pili," alisema Bwana Ngwali, akiangalia viatu vyake. "Kwa matumizi ya taifa."

Bi Tunu akatabasamu pale ukutani kwa kile kishimo chake, mkubwa kama mlango. Naapa wivu haukupungua. Mapigo yalipanda yakafika mia na hamsini na mawili. Lakini mkono wangu ulichukua kalamu ukasaini, kwa mwandiko mzuri kuliko niliowahi kuandika.

*

Mheshimiwa Waziri alishuka mwenyewe kutoka ghorofa ya juu.

"Yuko wapi?" aliuliza. Akanizunguka mara mbili. "Miaka thelathini ndani ya serikali, na mimi ni mtu mwenye wivu, wananijua, sijawahi kufika mia na hamsini. Hata kwa shemeji. Mama, umewezaje?"

"Mheshimiwa, sijui. Ulikuja wenyewe."

"Ulikuja wenyewe!" Akawageukia maafisa wake kwa uchungu. "Mnasikia? Mtu wa kawaida."

Akaomba apigwe picha akikishika cheti changu. Kesho yake gazetini alionekana Waziri, cheti, na kiwiko changu.

Mume wangu alisoma gazeti mara mbili. Kiwiko alikitambua. Akaja jikoni akasimama nyuma yangu.

"Mama Chau. Kumbe una wivu?"

"Sina. Nina cheti tu."

Alinikumbatia na mwiko wangu mkononi, tukachafuka mchuzi sote wawili. Na katika nchi nzima ni gemu kumi na mbili tu zilizosalia na sura zake za zamani, na moja kati ya hizo ilisalia kwa sababu yangu.

Ila maandishi madogo nyuma ya cheti sikuyasoma siku ile. Cheti ni cha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mwenye wivu atapimwa tena nyumbani kwake, katika mazingira yake ya asili, na akikutwa hana wivu, toleo litafutwa papo hapo.

*

Mwaka ni mrefu. Mtu hawezi kushikilia hasira miezi kumi na miwili huku ana nguo za kufua.

Nilianza kwa kuchungulia, nione mtoto anasoma nini. Kisha nikawa namngoja alale mchana nisogeze kona moja mbili. Saa nane mchana, nyumba imenyamaza, mume kazini, mtu pekee aliyekuwa ananiita mpenzi ni Bi Tunu. Kwenye mikebe yake aliandika namna ya kuloweka mchele, kiasi cha tui, moto uweje. Nilifuata. Vitumbua vyangu vikaacha kuungua. Siku moja nilijikuta namwambia, kwa sauti, "Ahsante, shoga."

Hapo ndipo nikaogopa.

Wiki ya ukaguzi nilijitahidi. Nilimwomba mume wangu alitaje jina lake kwa mahaba.

"Tunu," alisema.

"Vuta. Kama zamani."

"Tunuuu." Akaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka, mpaka Shomari akagonga ukuta kuuliza kama kuna harusi. Nilikitazama kile kishimo. Nilikiona kizuri. Nilijaribu hata kufikiria nyumba ya Waziri, bafu ndani ya bafu, lakini huo ni wivu wa kitu kingine na ungetupeleka kwenye chumba cha picha.

Bwana Ngwali alifika Alhamisi saa tatu asubuhi, na tai yake, na fomu tatu, na kifaa kidogo chenye kitufe chekundu cha kufutia. Mgeni ni mgeni. Nilimwandalia chai na sahani ya vitumbua nilivyopika alfajiri, vyeupe katikati, kahawia pembeni. Chausiku aliketi mkekani na kitableti chake. Mahadhi alisimama mlangoni, hana pa kuweka mikono.

"Dada yangu," alisema Bwana Ngwali, "kule kwetu unatajwa sana. Mia na hamsini na mawili! Nimewasimulia wanangu." Akachukua kitumbua kimoja, akafumba macho. Akachukua cha pili. Kisha akajifuta vidole, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. "Haya. Mfikirie mhusika."

Nikamfikiria. Nikamwona kwenye kona yake, anapuliza moto, na moyo wangu ukatulia kabisa, kama ninavyotulia nikiwaza dada zangu.

"Sabini," alisema Bwana Ngwali polepole. Akarudia. "Sabini na moja. Dada, jitahidi."

"Najitahidi."

"Mfikirie vibaya."

"Siwezi, kaka. Ananilowekea mchele."

Alikuwa mtu mwema. Naona alitaka kudanganya, lakini sheria inawapima hata wapimaji. Mkono mmoja ulikuwa bado umenishika. Wa pili, taratibu, ulisogea kwenye kile kitufe chekundu. Mahadhi aligeuza uso akatazama nje.

Chausiku akanyoosha mkono kwenye sahani, akamega kitumbua changu, akakitafuna kwa makini, akameza, akakirudisha kipande kilichobaki mahali pake.

"Mama," alisema, "vya Bi Tunu ni vitamu zaidi."